Neno "Zilipendwa" na Mazishi ya Santuri Zetu

Limeenea katika nchi yetu neno moja tamu, ambalo kwa utamu wake limepita midomoni mwa watu bila ya kuulizwa linatoka wapi wala linakwenda wapi. Neno hilo ni "zilipendwa". Wenzetu wa Kenya husema "zilizopendwa", na silabi moja iliyozidi haibadili maana. Kwa neno hilo tumezikusanya nyimbo zote za dansi na za taarabu zilizotiwa katika santuri na kanda kabla ya vijana wa leo kuzaliwa, tukazitia katika kapu moja, tukazipangia saa chache za mapumziko redioni, kisha tukaenda zetu. Mwalimu wa Kiswahili anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake namna lugha inavyoweza kumzika aliye hai, na awaandikie neno hili ubaoni. Limejengwa katika wakati uliopita, na limejengwa katika kauli ya kutendwa. Zilipendwa: halisemi na nani. Zilipendwa: halisemi kwa nini. Zilipendwa: wala halisemi mapenzi hayo yalikoma lini na nani aliyeyakomesha.

Tunakusudia katika makala haya kulipinga neno hilo pamoja na mwenendo unaojificha nyuma yake. Madai yetu ni haya: santuri ya zamani, pamoja na kumbukumbu ya mtu aliyeisikiliza, ni waraka mmoja wa historia ya taifa, na kuvitenganisha viwili hivyo ni kuuchana waraka huo katikati. Kwa hiyo, watu kukaa pamoja, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja akatoa santuri au albamu aipendayo na kueleza aliisikia wapi, pamoja na nani, na katika hali gani ya maisha, si porojo za barazani. Ni kazi ya utamaduni, nayo inastahili kuingia darasani.

Tuanze na chombo chenyewe. Sahani ya kwanza kufika kwetu ilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba wimbo wa dakika kama tatu hivi. Baadaye ikaja sahani ndogo ya mizunguko 45, ambayo ndiyo iliyokuwa chombo kikuu cha muziki wa dansi katika Afrika Mashariki. Kwa kuwa nyimbo za dansi zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja wa sahani hiyo, bendi zetu zilizoea kuukata wimbo vipande viwili: upande wa kwanza ukachukua maneno na kisa, upande wa pili ukaachiwa magitaa na tarumbeta ili wachezaji wajimwage uwanjani. Katikati ya sahani pana kikaratasi cha mviringo. Kikaratasi hicho kina jina la wimbo, jina la bendi, na pengine jina la mtunzi. Mara nyingi hakina mwaka. Hakimtaji aliyeitikia sauti ya pili, wala aliyepiga gitaa la besi, wala aliyepuliza saksafoni iliyowatoa watu vitini. Majina hayo yaliandikwa mahali pamoja tu, nayo ni vichwani mwa watu waliokuwamo ukumbini. Mzee mmoja akifariki bila ya kuulizwa, mpiga gitaa mmoja hufariki naye mara ya pili, na safari hii hafufuki.

Asiyeamini na amtazame Siti binti Saad. Mwanamke huyu wa Fumba, Unguja, alivuka bahari mwaka 1928 pamoja na wapigaji wake kwenda Bombay, na huko sauti yake ikatiwa katika santuri za kampuni ya Gramophone, zile zenye alama ya His Master's Voice. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa ikasikika kwa Kiswahili katika vibanda vya watu wa kawaida, Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na mbali zaidi. Siti alifariki mwaka 1950. Santuri zake zilibaki. Lakini je, santuri peke yake ingetuambia nini? Ingetuambia kwamba palikuwa na mwanamke mwenye sauti. Tunayajua maisha yake, asili yake ya kimasikini, dharau alizozishinda na heshima aliyoipata, kwa sababu Shaaban Robert aliona kwamba habari za mwimbaji zinastahili kalamu ya mwandishi, akatuachia kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad. Tazameni pia wimbo wake wa Kijiti. Unahusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam. Muuaji akatoroka, na sheria ya wakoloni ikawaangukia wanawake waliofuatana na marehemu. Waliousikia wimbo huo zama zile waliijua kesi, wakajua kwamba wanasikia hukumu ya mji juu ya hukumu ya mahakama. Mwanafunzi wa leo akipewa wimbo bila ya kumbukumbu hiyo, husikia udi, fidla na maneno tu. Hukumu ya mji imemponyoka.

Tuchukue mfano wa pili, wa karibu zaidi. Mwanafunzi akifungua sanduku la santuri na kanda za babu yake, huenda akakuta majina haya: NUTA Jazz, JUWATA Jazz, OTTU Jazz, na Msondo Ngoma. Atahesabu bendi nne. Babu yake akiwapo, atamwambia kwamba hiyo ni bendi moja. Iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha NUTA. Chama kilipogeuka kuwa Jumuiya ya Wafanyakazi wa Tanzania baada ya kuzaliwa kwa CCM mwaka 1977, bendi nayo ikageuka jina. OTTU ilipoundwa mwaka 1991, jina likageuka tena. Na wapigaji walipobaki bila ya mlezi wao wa zamani, wakajiita kwa jina la ngoma waliyokuwa wakijisifia. Kwa majina hayo manne tu mtoto anaweza kufundishwa historia ya harakati za wafanyakazi wa nchi hii. Anaweza kufundishwa pia mpango wa maisha ambao haufanani na wa leo, ambapo mpiga tarumbeta alikuwa mwajiriwa, vyombo vilikuwa mali ya chama au shirika, na kiwanda cha nguo cha Urafiki, jeshi, polisi na umoja wa vijana kila kimoja kilikuwa na bendi yake. Vitabu vya uchumi vinaeleza mashirika ya umma yalizalisha nini. Ni vichache vinavyoeleza kwamba yalizalisha pia Jumamosi jioni.

Hapa hapana budi tuseme jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Katika miaka ile ya fahari ya muziki wa dansi, Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Nairobi ndiko kulikokuwa na viwanda na makampuni, na bendi zetu zilisafiri huko au zilipeleka kanda zao huko. Tegemeo la nyumbani lilikuwa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, ambako nyimbo zilirekodiwa katika kanda kwa ajili ya kurushwa hewani. Maana yake ni kwamba zipo nyimbo nyingi, tena zilizojulikana na nchi nzima, ambazo hazikupata kuwa santuri hata siku moja. "Albamu" ya Mtanzania wa kawaida ilikuwa redio yenyewe: alingoja saa ya kipindi, akapeleka kadi ya salamu, na aliyebahatika kuwa na redio ya kaseti aliunasa wimbo pamoja na sauti ya mtangazaji na jogoo wa jirani. Kanda za namna hiyo, ambazo watoto wanazitupa jalalani wanapohamisha nyumba, huenda zikawa na kitu kisichopatikana dukani popote duniani.

Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, aliyeipeleka gitaa ya Morogoro Jazz hadi kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, na aliyeanzisha baadaye Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979. Mpaka ulikuwa umefungwa. Magari hayakuvuka kama zamani, bidhaa hazikuvuka kama zamani, lakini msiba ulivuka, kwa sababu nyimbo zilikwisha kuvuka kabla yake. Kampuni ya Nairobi ikazitoa nyimbo zake katika mfululizo wa albamu zilizopewa jina la Ukumbusho. Mtu wa Morogoro na mtu wa Nairobi wenye umri mmoja, kila mmoja akieleza alikuwa wapi aliposikia habari ile, wataeleza kwa pamoja jambo ambalo hati za mikutano ya serikali mbili hazikulieleza: kwamba wananchi hawakuwa wamegombana.

Tumekwisha kuonyesha faida. Sasa tuwajibu wapinzani, maana wapo, nao si watu wa kupuuzwa.

Wapo wasemao kwamba kumbukumbu za namna hii ni mambo ya binafsi. Fulani alimposa mkewe wimbo fulani ukipigwa. Taifa linapata nini? Tunawajibu kwamba taifa halina kumbukumbu nyingine isipokuwa za watu wake. Mtu akikuambia kwamba alisikia wimbo fulani akiwa katika foleni ya sukari, au akiwa Jeshi la Kujenga Taifa, au usiku wa kuaga kabla ya kwenda vitani Uganda mwaka 1979, amekupa mahali, wakati na hali ya nchi. Posa yake ni yake; foleni ni yetu sote. Na hata hiyo posa, ikichunguzwa, ina mafunzo kuhusu mahari, wazazi, na heshima ya wakati ule.

Wapo wengine, wenye bidii ya utamaduni, wasemao kwamba muziki huu wa dansi haukuwa wetu hata kidogo. Wanasema ni rumba ya Cuba iliyokuja katika santuri za kigeni, ikaigwa na watu waliokwisha kupata kasumba. Hupenda kukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere, alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, aliwalaumu wasomi waliojivunia dansi za Ulaya na Marekani ilhali hawazijui ngoma za nyumbani. Ni kweli, aliwalaumu, na lawama ile ilistahili. Lakini katika hotuba hiyohiyo alionya pia dhidi ya taifa kujifungia na kukataa kujifunza kwa wengine. Wapinzani wetu hukumbuka nusu ya hotuba. Ni kweli kwamba bendi ya Salum Abdallah ya Morogoro ilijiita Cuban Marimba, na ni kweli kwamba magitaa yalitoka ng'ambo. Lakini maneno yalikuwa Kiswahili, visa vilikuwa vya hapa, na mitindo ikarudi kuchukua majina ya nyumbani: msondo, na sikinde iliyotwaliwa na Mlimani Park kutoka ngoma ya Wazaramo. Aliyechukua mbegu ya mgeni akaipanda katika shamba lake, akaipalilia na kuvuna chakula chake, si mwizi wala si mtumwa. Isitoshe, mbegu yenyewe ya rumba ilipelekwa Cuba na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Tulirudishiwa.

Wapo, tatu, wasemao kwamba kazi tunayoidai imekwisha kufanywa na intaneti. Bonyeza, wanasema, utasikia. Naam, tunabonyeza na tunasikia. Lakini tunasikia nini? Mara nyingi wimbo wenye jina lililokosewa, bendi iliyopachikwa wimbo wa bendi nyingine, mwaka uliobuniwa, na upande wa pili uliokatwa. Sauti imefika ikiwa yatima. Na pale ambapo kazi imefanywa kwa uangalifu, mara nyingi imefanywa na wageni. Mwaka 1987 kampuni moja ya Marekani ilitoa mkusanyiko ulioitwa The Tanzania Sound. Tangu mwaka 2005 kampuni ya Ufaransa imekuwa ikitoa mfululizo wa Zanzibara, wenye taarabu na dansi ya pwani yetu. Tunawashukuru kwa dhati. Bila ya wao mengine yangekwisha kupotea. Lakini maelezo yanayofuatana na albamu hizo yameandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Wazee wetu walisimulia kwa Kiswahili, na masimulizi yao yakafungwa katika lugha ambayo wengi wao hawaisomi. Mwanafunzi wa Songea anayetaka kumjua mwimbaji wa Tanga hulazimika kwenda kwa kupitia Paris. Lawama ya jambo hili hatumpi Mfaransa. Yeye aliuliza maswali. Sisi tulikuwa na wazee hao uani kwetu na hatukuwauliza.

Wapo, nne, wanahistoria wenye kutilia shaka, wasemao kwamba kumbukumbu hudanganya. Mzee huchanganya Western Jazz na NUTA, huusogeza mwaka, hujiweka mwenyewe mahali ambapo hakuwapo. Hoja hii tunaipokea, nayo ndiyo inayotupa sababu ya kuwataka walimu waingie. Shahidi mmoja apimwe kwa shahidi wa pili. Wote wawili wapimwe kwa kikaratasi cha santuri, kwa jina la bendi, kwa jina la kiongozi au tukio linalotajwa katika wimbo. Ikiwa wimbo umepigwa na OTTU, haukurekodiwa kwa jina hilo kabla ya 1991, hata mzee ale yamini. Kazi ya namna hiyo ndiyo elimu ya historia yenyewe, na mwanafunzi atakayeifanya kwa santuri moja atajua kupima ushahidi maisha yake yote.

Baada ya wapinzani wa mbali, tuna neno na jamaa wa karibu: wale wenye santuri. Kuna mtu ana masanduku matatu chumbani, hamwazimi mtu, hampigii mtu, hata wanawe hawaruhusiwi kugusa. Huyo hujiita mpenzi wa muziki. Kwetu ni mlinzi wa kaburi. Na kuna mwenzake, aliye kinyume chake, ambaye mgeni akibisha hodi na noti mkononi humtolea sanduku zima bila ya hata kunakili majina. Mmoja ameficha na mwingine ameuza. Matokeo kwa mtoto wa mtaani ni yale yale. Hatusemi kwamba mali ya mtu itwaliwe. Tunasema mali hiyo isikilizwe mbele ya watu, na habari zake ziandikwe, kabla ya kufungiwa au kuuzwa.

Kushirikiana tunakokudai kusitumiwe kuwa kisingizio cha wizi. Kukaa pamoja na kusikiliza ni jambo moja. Kunakili na kuuza bila ya ruhusa ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliwekwa kwa sababu wapigaji wengi walikufa masikini huku nyimbo zao zikiwashibisha wengine. Aliyeandika jina la mpiga gitaa katika daftari lake amemsaidia pia mjane wa mpiga gitaa huyo, kwani haki isiyo na jina haina wa kuidai.

Tunapendekeza basi mambo ambayo shule yoyote ya sekondari inaweza kuyatenda bila ya kungoja fungu kutoka wizarani. Kila mwanafunzi, katika likizo moja, amwendee mtu mzima mmoja, amwombe santuri, kanda, au hata wimbo mmoja aukumbukao tu, na aandike kwa Kiswahili safi majibu ya maswali sita. Jina la wimbo na la bendi limeandikwaje? Uliusikia mara ya kwanza wapi na lini? Walioimba na kupiga ni akina nani? Maneno gani ndani yake vijana hatuyaelewi, na maana yake ni nini? Nchi ilikuwa katika hali gani wakati huo? Na nani mwingine aliye hai anayeweza kuthibitisha usemayo? Shule irudipo, santuri zisikilizwe darasani pande zote mbili, mzee mwenyewe akialikwa akiweza kuja. Madaftari yahifadhiwe maktabani, na nakala ipelekwe kwa ofisa utamaduni wa wilaya. Tena walimu wawafundishe watoto adabu ya chombo: sahani hushikwa kwa ukingo, husimamishwa wima kama vitabu, na huwekwa mbali na jua, maana joto huipinda, kanda nayo huogopa unyevu na ukungu.

Wito wetu wa mwisho ni kwa watangazaji, kwa kuwa wao ndio waliolikuza neno tulilolishitaki. Mnapoupiga wimbo wa zamani, msituambie tu kwamba ulipendwa. Tuambieni nani aliutunga, nani aliimba, bendi ilikuwa ya nani, na mwaka gani. Na pale msipojua, waulizeni wasikilizaji hewani, kwani yupo mmoja Kigoma au Lindi anayejua na anangoja kuulizwa. Afadhali tuziite "zipendwazo", maana wapo bado wanaozipenda, na wanaoweza kusema kwa nini. Watu hao umri wao ni mkubwa. Likizo ijayo isipite.